Jalada la gemu linaanzia kwenye pikseli 120

Fungua Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwenye kompyuta, andika neno lolote kwenye sehemu ya kutafutia, kisha teremka na ukurasa wa majibu. Kila gemu ina mstari wake mmoja: kijipicha kushoto, halafu jina, tarehe na bei. Kijipicha hicho, ambacho ndicho jalada la gemu, kina upana wa pikseli 120, yaani nukta 120 za kioo, na kimo cha pikseli 45. Kwenye kioo cha kompyuta ya kawaida hiyo ni kama sentimita tatu kwa moja. Mtu aliyekesha miaka mitatu akiandika programu, akichora na kutafuta hela ya kumlipa mpiga muziki, anakutana na mnunuzi wake kwa mara ya kwanza hapo, ndani ya sentimita tatu.

Nimeanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu watengenezaji wengi huanzia upande wa pili. Huchora au huchoresha picha ya kujaza kioo kizima, yenye mawingu, milima, mashujaa wanne na adui wao, kisha siku ya kuandaa ukurasa wa duka wanaipunguza na kuikata hadi itoshee. Kinachobaki ni tope. Jalada lipangwe kuanzia kipimo chake kidogo kwenda kikubwa, maana kule kwenye udogo ndiko linakofanya kazi yake.

Na kazi hiyo si kuuza gemu. Gemu huuzwa na video fupi, picha za ndani, maoni ya waliokwisha kucheza, na bei. Jalada lina jukumu jembamba zaidi: kumfanya mtu anayepita abofye. Anayepita yuko mbioni. Tangu Juni 2017 Steam imefungua mlango kwa kila mtu anayelipa dola 100 kwa gemu moja, pesa inayorudishwa mauzo yakivuka dola 1,000. Mwaka 2024 pekee zilitoka gemu zaidi ya 18,000, ambazo ni karibu 50 kila siku. Hakuna mchezaji anayezisoma zote. Anapitisha jicho, na kila jalada linamjibu swali moja au linashindwa kumjibu: hii ni gemu ya kufanya nini, na je, ni ya watu kama mimi?

Ugumu uko kwenye neno "kufanya". Mwenye gemu anaijua hadithi yote, kwa hiyo jalada lake husimulia hadithi. Mnunuzi hajui hata jina la shujaa, na kwa wakati huo halimhusu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Umetengeneza gemu inayoitwa Magendo. Mchezaji ni baharia wa Pemba anayevusha magunia ya karafuu usiku kwenda pwani ya Kenya, akikwepa boti za doria. Kisa chenyewe hakihitaji kubuniwa: bei ya karafuu visiwani na bei ya ng'ambo ya maji zikiachana sana, magunia huota miguu. Jalada la kwanza linalokuja akilini ni rahisi kulikisia. Bahari ya usiku, mwezi, jahazi dogo kwa mbali, nyota, na jina limeandikwa kwa herufi nyembamba kama za mwandiko wa mkono. Ukilitundika ukutani linapendeza. Ukilipunguza hadi pikseli 120, bahari ni nyeusi, anga ni jeusi, jahazi ni doa, na jina linafanana na unywele ulioangukia kioo.

Hata lisingepunguzwa, bado lingenyamaza juu ya jambo kuu. Jahazi baharini laweza kuwa gemu ya uvuvi, ya biashara, ya mafumbo, ya vita, au hadithi tulivu ya kusoma. Ikiwa Magendo ni gemu ya kunyemelea na kujificha, lete uso wa baharia karibu, nusu yake gizani, kiganja kimefunika fanusi ili mwanga usivuje, na nyuma ya bega lake mwale mmoja mweupe wa boti ya doria. Ikiwa ni gemu ya biashara, weka mizani, gunia lililofunguka, noti zinazohesabiwa, na tabasamu la mtu anayeijua bei. Baharia ni yuleyule na karafuu ni zilezile. Kilichobadilika ni kitenzi. Jalada linalofanya kazi huonyesha kitenzi, na linalokwama huonyesha nomino tupu: bahari, mlima, mji, msitu.

Angalia gemu huru, zile zinazotengenezwa na watu wachache bila kampuni kubwa, zilizofanikiwa ukiwa na swali hilo mkononi. Hollow Knight, iliyotolewa mwaka 2017 na kikundi kidogo cha Team Cherry cha Adelaide, Australia, ina jalada la kiza. Lakini katikati ya kiza hicho kuna kinyago cheupe chenye pembe na matundu mawili meusi ya macho. Weupe dhidi ya weusi, basi. Ukikipunguza hadi ukubwa wa punje ya hindi bado kinakutazama. Stardew Valley, aliyoitengeneza Eric Barone peke yake na kuitoa mwaka 2016, inakwenda njia nyingine: mbingu ya samawati, kijani, na jina nene linaloonekana kama limechongwa kwenye mbao. Hakuna uso wala tukio, ila mbao na rangi hizo zimeshakuambia kwamba hapa utalima, utajenga, na hakuna atakayekukimbiza.

Ninayoipenda zaidi kwa kufundishia ni Cult of the Lamb ya mwaka 2022. Mwanakondoo mzuri wa katuni, wa kubebwa na mtoto, amevaa taji la kishetani. Mambo mawili yasiyopatana yamewekwa kwenye kiumbe kimoja, na huo mgongano ndio gemu yenyewe: unatunza kijiji cha wafuasi wapole huku ukiendesha madhehebu ya kutisha. Mtu hahitaji kusoma sentimita ya maelezo kuuhisi. Nadhani ni vigumu sana kubuni jalada la namna hiyo mwishoni, gemu ikiwa imeshakamilika. Aghalabu hutokea pale ambapo wazo la gemu lenyewe linaweza kuchorwa kwa kiumbe kimoja tangu mwanzo, na ndiyo sababu nawashauri wanaoanza wajaribu kuchora jalada mapema, hata kwa penseli. Likikataa kabisa kuchoreka, huenda kuna jambo kwenye gemu ambalo halijaamuliwa.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa somo hili. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya bodi, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa watu waliokuwa na shughuli nyingine. Wamekuja kununua mkate na nyama, si sanaa. Tazama alichowawekea: mnyama mmoja, umbo lililo wazi, na nyuma yake uwanda wa rangi moja. Mpita njia aliyekuwa na mfuko wa mboga mkononi aliuona mchoro kutoka ng'ambo ya barabara. Tingatinga alifariki mwaka 1972, kabla mtu yeyote hajaota duka la gemu kwenye intaneti, lakini alikuwa akitatua tatizo lilelile la kumsimamisha anayepita. Ningemwambia kila mchoraji wa majalada akae na picha zake za mwanzo kwa saa nzima.

Mfano wa upande wa pili ni Ico, gemu ya Sony ya mwaka 2001. Jalada lake la Japani na Ulaya lilichorwa na mbunifu wa gemu mwenyewe, Fumito Ueda, akivutwa na michoro ya Giorgio de Chirico, mchoraji wa Italia: majengo ya mawe, vivuli virefu, na watoto wawili wadogo wakikimbia wameshikana mikono. Ni moja ya majalada mazuri kupita yote niliyowahi kuyaona. Lakini lilikuwa jalada la boksi, la kushikwa mkononi dukani, la kugeuzwa na kutazamwa kwa utulivu. Ule upweke unatokana na udogo wa watoto ndani ya nafasi kubwa. Punguza picha hiyo hadi pikseli 120 na watoto wanatoweka, na upweke wao unatoweka nao. Anayesema "lakini mabingwa walifanya hivi" akumbuke mabingwa hao walipewa ukubwa gani.

Jina

Kwenye kipimo kidogo, jina lina uzito kuliko picha. Steam yenyewe, katika maelekezo yake kwa watengenezaji, inashauri kwamba kwenye jalada dogo jina likaribie kujaza nafasi yote, na hapo wengi huumia kwa sababu wanaona mchoro wao umefunikwa. Piga hesabu. Jina kama "Safari ya Mwisho ya Nahodha" lina nafasi 27 ukihesabu herufi na mapengo. Gawa pikseli 120 kwa 27: kila herufi inapata pikseli nne na kidogo, ambazo hazitoshi hata kuitofautisha "a" na "o". "MAGENDO" ina herufi saba, kila moja inapata pikseli 17. Jina refu linaweza kuokolewa kwa kuvunjwa mistari miwili, neno zito likawa kubwa na mengine madogo, lakini kimo ni pikseli 45 tu. Mistari mitatu haipiti.

Wachapaji wa kanga walishalijua hili. Jina la kanga linasomwa likiwa limevaliwa na mtu anayetembea, kitambaa kinakunjana, msomaji yuko hatua kumi nyuma. Kwa hiyo huandikwa kwa herufi kubwa nene, kwenye kisanduku au ukanda uliosafishwa maua. Fanya hivyohivyo: ondoa vurugu nyuma ya jina, weka giza nyuma ya herufi za mwanga au mwanga nyuma ya herufi za giza, na uachane na mwandiko wa mapambo ambao hata mwalimu wa kaligrafia angeuvalia miwani. Herufi ziruhusiwe kubeba tabia ya gemu. Herufi za mbao, za damu, za neoni, za chaki, zote zina la kusema, ila zisomeke kwanza.

Rangi, na ukuta zinapotundikwa

Jalada halitazamwi peke yake. Limezungukwa na mengine, na nyuma ya yote kuna rangi ya duka. Steam ni bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Jalada letu la Magendo ni la usiku, bluu juu ya bluu, na kingo zake zitayeyuka kwenye ukurasa kama chumvi. Si lazima tuufute usiku. Tunaweza kuupaka zambarau, au kijani cha bahari, kisha tukaacha rangi ya chungwa ya fanusi iwe kitu pekee chenye joto kwenye picha nzima. Kabla ya rangi, hata hivyo, geuza mchoro uwe wa kijivu mtupu. Ikiwa uso na jina havijitokezi kwenye kijivu, rangi haitaviokoa, maana jicho hupambanua mwanga na giza kabla ya kitu kingine.

Kisha kuna maumbo. Steam inaomba picha kadhaa ambazo hazina mwili mmoja: ya kichwa cha ukurasa ni pikseli 920 kwa 430, kuu ni 1232 kwa 706, ndogo ni 462 kwa 174, na ya wima ni 748 kwa 896. Ile ndogo ndiyo Steam yenyewe huipunguza hadi 184 kwa 69 na 120 kwa 45. Maktaba ya mchezaji, yaani orodha ya gemu alizonazo, ina zake, ikiwemo ya wima ya 600 kwa 900 na bango pana la 3840 kwa 1240 ambalo halitakiwi kuwa na maandishi. Kukata picha moja ili itoshee kote huku ndiko kunakozaa mashujaa wasio na vichwa. Mchoro ufanywe kwa tabaka zilizotenganishwa, mandhari peke yake, mtu peke yake, jina peke yake, ili kila umbo lipangwe upya: kwenye la wima baharia akae juu na jina chini ya kidevu chake, kwenye dogo jina lichukue kila kitu na baharia abaki na jicho na fanusi pembeni. Itch.io, duka jingine la gemu huru, inaomba 630 kwa 500 na inakubali picha inayocheza. Hayo ni ya kupanga mapema, siku mchoraji anapoanza, si siku anapodai malipo ya mwisho.

Kuna pia yasiyoruhusiwa. Tangu Septemba 1, 2022, majalada ya Steam hayatakiwi kuwa na alama za wakaguzi, nembo za tuzo, wala maneno ya punguzo. Maandishi ni jina la gemu na jina lake dogo rasmi, basi. Ikiwa una habari kubwa ya sasisho jipya, unaweza kuweka jalada la muda lenye maneno hayo, kwa mwezi mmoja usiozidi, na maneno yatafsiriwe kwa lugha ambazo gemu inazitumia. Binafsi naona kanuni hii imewasaidia wadogo. Zamani wenye tuzo nyingi walizibandika kifuani kama majenerali, na jalada lisilo na medali lilionekana uchi.

Swali linaloulizwa sana ni hili: gemu yangu ni ya pikseli nene, yaani michoro yake ni ya vinukta vikubwa vinavyoonekana, je, ni udanganyifu jalada likichorwa kwa rangi laini na mchoraji stadi? Jibu langu ni hapana, maadamu kitenzi na hali ni vilevile. Picha za ndani ziko palepale chini, mteja ataziona kabla ya kutoa pesa. Udanganyifu ni kuahidi gemu nyingine. Jalada la vita kwa gemu ya mazungumzo litapata mibofyo mingi, kisha wanunuzi watarudishiwa pesa zao, kwa sababu Steam inaruhusu hilo ndani ya siku 14 kwa aliyecheza chini ya saa mbili, na wachache watakaobaki wataandika maoni ya hasira ambayo wewe huwezi kuyafuta. Jalada linatakiwa pia kuwafukuza watu: yule ambaye gemu haimfai apite salama.

Kumpa kazi mchoraji

Kama huna mkono wa kuchora, hapa ndipo ningetumia pesa kabla ya karibu kila kitu kingine kwenye ukurasa wa duka. Usimwambie mchoraji "nifanyie kitu kikali". Mpe sentensi moja ya anachofanya mchezaji, picha chache za ndani, majalada matano ya gemu ambazo wateja wako wanazicheza tayari, na orodha ya vipimo. Mwombe michoro mitatu minne ya haraka, na muitazame ikiwa na upana wa pikseli 120 kabla hajagusa rangi. Uamuzi wote mkubwa uko hapo, na ni rahisi kuubadilisha hapo. Mkubaliane kwa maandishi kwamba atakukabidhi faili lenye tabaka na kwamba una haki ya kuitumia picha kibiashara kwenye maduka, matangazo na fulana. Jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliotengeneza gemu. Ni haki yake.

Wapo watakaotaka kutumia akili mnemba kuchora. Wajue kwamba tangu Januari 2024 Steam inawataka watengenezaji waeleze matumizi hayo, na maelezo hayo huonyeshwa kwa mnunuzi kwenye ukurasa wa gemu. Wako wachezaji wengi wanaogeuza njia wakiyaona. Zaidi ya hapo, mashine hukupa uso mzuri wa baharia yeyote, na unachohitaji ni baharia huyu, anayefunika taa hii, kwa sababu ile.

Kujaribu

Usimwulize mtu "nzuri?". Kwa malezi yetu, ukimwonyesha mtu kazi ya jasho lako atakuambia hongera, na atakuwa amekutendea wema usiokusaidia. Piga picha ukurasa wa duka wa gemu za aina yako, bandika jalada lako katikati ya mengine kwa ukubwa wake halisi, mwonyeshe mtu asiyeijua gemu kwa sekunde mbili, ufunge. Kisha uliza: ulikumbuka zipi? Ile yenye chungwa, unafikiri mtu anafanya nini ndani yake? Akisema "anajificha", kazi imefanyika. Akisema "anavua samaki", rudi mezani hata kama alisema ni nzuri sana.

Baada ya gemu kuwa hewani, Steam humwonyesha mwenye gemu ni mara ngapi jalada lilitokea mbele ya watu na ni wangapi walioingia kwenye ukurasa. Unaweza kulibadilisha jalada ukalinganisha wiki za kabla na baada, mradi usilinganishe wiki ya kawaida na wiki ya punguzo kubwa. Google Play ina zana bora zaidi kwa hili: inakuruhusu kuwaonyesha baadhi ya watu picha moja na wengine nyingine kwa wakati mmoja, ukahesabu.

Na Google Play ndiko gemu nyingi za huku kwetu huishia, kwa kuwa simu ndiyo kompyuta ya wengi. Kule jalada hupungua likawa ikoni ya mraba, pikseli 512 kwa 512, ambayo Google huikata pembe yenyewe, na maneno kama "bora", "namba 1" au "bure" hayaruhusiwi juu yake. Jina halihitajiki, maana limeandikwa kando yake. Kwa Magendo, hata uso wa baharia ningeuondoa. Ningebakiza kiganja kimoja cheusi juu ya zambarau, vidole vimebana fanusi, na katikati ya vidole viwili ufa mwembamba wa mwanga wa chungwa unaokaribia kumsaliti.